Nani Kacheka Leo

Jumamosi, 7 Machi

Daftari hili si langu, ni la Edna. Kanipa leo sebuleni kwake Lanham. Lina picha ya paka kwenye jalada, na ukurasa wa kwanza kaandika kwa kalamu nyekundu: "Kila siku: nani kacheka, na kwa nini." Mimi, Dunstan Mbawala, mtunzi wa riwaya ambayo mhakiki mmoja aliiita "nzito kama jiwe la msingi", nimepewa kazi ya nyumbani na dereva wa basi la shule. Haya.

Edna, dereva mwenyewe, ni Mkenya. Kwa miaka mitatu, kila Jumamosi saa nne asubuhi, amekuwa akituma kwenye simu za wanawake wa huku kwetu Marekani, kuanzia Laurel mpaka Wheaton na hata Virginia, ng'ambo ya mto, sehemu moja ya hadithi yake ya mapenzi ya kuchekesha, "Unga wa Genoveva". Haandiki. Anabonyeza kitufe cha simu na kusimulia. Mwezi uliopita madaktari walimtoa vinundu kooni, wakamkataza kutoa sauti, hata ya kunong'ona, mpaka katikati ya Mei. Sasa anaongea kwa kibao cheupe cha watoto na kalamu ya kufutika. Leo kaniandikia: "Wamama wananimaliza. Niliachia mahali pabaya."

Pabaya penyewe ni hapa. Kipngetich, dereva wa lori la unga, anampenda Genoveva mpika keki na hathubutu kumwambia. Kapewa keki ya harusi ya ghorofa tatu aipeleke Laurel, kakosea nyumba, kaingia nayo msibani. Edna akaishia hapo, akaenda kupasuliwa.

Kati ya watu anaowajua, ni mimi peke yangu niliyechapisha kitabu. Nikamwambia kwa kuwa ni Kwaresima nitamfanyia tendo la huruma, ila jina langu lisitajwe popote. Ndugu Sebastian, mwenyekiti wa baraza letu la waandishi la Wheaton, huziita hadithi za namna hii biskuti. Edna akaandika: "Sawa. Siri." Akafuta, akaandika tena: "Lakini daftari kwanza."

Sikumweleza sababu yangu ya pili. Mke wangu Adela husikiliza "Unga wa Genoveva" jikoni na spika masikioni, na hucheka. Mimi nakaa chumba cha pili namsikia. Kicheko kile nilikijua zamani. Kwangu hakijaja miaka mingi, na mwisho wa Mei mkataba wa nyumba yetu hapa Laurel unakwisha. Adela kapata kazi ya uuguzi hospitali ya Columbus, jimbo jingine, alipo dada yake Flaviana. Ameniambia kwa adabu kabisa: "Baba Ombeni, mimi nitakwenda. Wewe utaamua mwenyewe."

Hiyo adabu ndiyo inayonitisha. Adela ni Mhehe, mimi ni Mngoni. Mababu zetu walichinjana, na kwa sababu hiyo sisi ni watani: Mhehe akiniona hana ruhusa ya kuniheshimu. Miaka ya mwanzo ya ndoa hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita mla panya, nami nikamwita mla mbwa, na chakula kikaiva. Siikumbuki siku aliyoacha. Mhehe akimwita Mngoni "Baba Ombeni" kwa sauti ya upole, ujue nyumba inaungua.

Nani kacheka leo: Edna, mabega tu, bila sauti. Kwa nini: nilimwambia kuandika sehemu moja kutanichukua saa mbili.

Jumapili, 8 Machi

Saa zimesogezwa mbele usiku, kama wafanyavyo huku kila Machi. Familia tatu zimeingia kanisani wakati wa baraka ya mwisho. Baba wa familia ya tatu alipiga magoti, akafumba macho, akazama kwenye sala, na watu wote wakaanza kutoka. Waliocheka: kanisa zima, padri akiwemo.

Jumatatu, 9 Machi

Hakuna.

Jumanne, 10 Machi

Hakuna. Mvua.

Ijumaa, 13 Machi

Hakuna. Darasani kwangu, ninakofundisha Kiswahili maofisa wa serikali, ofisa mmoja alicheka. Nikamuuliza kwa nini, akaomba radhi. Sihesabu hiyo.

Jumamosi, 14 Machi

Nimemaliza sehemu yangu. Saa mbili kasoro dakika kumi! Kipngetich anaingia msibani na keki, anaona jeneza, na papo hapo anaingiwa na fikra juu ya kifo, upweke na ugeni katika nchi ya watu. Kuna sentensi moja humo, ya mistari kumi na mmoja, ambayo sitaona haya kuisoma mbele ya Sebastian. Bilha, rafiki yake Edna mwenye sauti nzuri, ndiye atakayeisoma. Naona nimewainua hawa wanawake ngazi moja.

Nani kacheka: hakuna. Nilikuwa nafanya kazi.

Jumamosi, 21 Machi

Leo nitaeleza kwa utaratibu.

Saa nne sehemu imetumwa. Adela alikuwa jikoni anachambua mchicha, spika masikioni. Mimi nikakaa sebuleni na gazeti nimelishika juu chini. Nikasubiri. Dakika tano, kimya. Dakika kumi, kimya. Dakika ya kumi na mbili nikasikia maji ya bomba. Nikaingia jikoni kama mtu anayetafuta chumvi.

"Vipi hadithi yenu leo?"

"Si ya Edna hii," akasema. "Wamemtafuta mtu."

"Mbaya?"

Akafikiri. Adela hasemi neno kabla ya kulipima. "Kiswahili chake ni kizuri sana, Baba Ombeni. Wewe ungekipenda. Ila huyu mtu, aliyeandika, hajawahi kumpenda mtu."

Akarudi kwenye mchicha wake. Nikachukua chumvi, nikaenda nayo chumbani, nikakaa kitandani nimeshika mkebe wa chumvi kama bwege.

Miaka ishirini na sita tumeoana, jamani.

Nani kacheka leo: hakuna. Kwa nini: mimi.

Jumapili, 22 Machi

Nimekwenda Lanham baada ya misa. Edna alikuwa ameshaandika kibaoni kabla sijaketi: "Mwalimu, hii ni stori ama ni tanzia?" Akafuta. "Keki iko wapi?" Akafuta. "Kipngetich ameishika tangu mwanzo. Mikono haichoki?"

Haki ya nani, nilikuwa nimeisahau keki. Mtu kasimama mlangoni na keki ya ghorofa tatu, mimi nikamfanya afikirie ugeni katika nchi ya watu.

Akalichukua daftari, akasoma ukurasa kwa ukurasa. Halafu akaandika kitu ambacho sikukipenda: "Hapa majina ni ya wengine tu. Wewe mwenyewe huwa hucheki?"

Alhamisi, 26 Machi

Ili nijue adui yangu, nimeanza kusikiliza sehemu za zamani za Edna nikiwa kwenye treni ya kutoka mjini. Leo nimesikiliza ile ya lifti. Kipngetich na Genoveva wamekwama ndani ya lifti na gunia la unga la kilo hamsini. Kila Kipngetich akifungua mdomo aseme la moyoni, kengele ya lifti inalia. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu Edna ananyamaza. Hasemi kitu. Unasikia kijiko kikikoroga chai kwenye kikombe chake, taratibu, na wewe ndani ya treni unajikuta umezuia pumzi, unaisubiri kengele. Kengele hailii. Sasa hakuna kinachomzuia Kipngetich kusema, na kwa hofu anabonyeza kengele yeye mwenyewe.

Mungu wangu. Nimeirudia mara nne. Nimehesabu: sekunde nne za kimya, mizunguko sita ya kijiko. Kwenye riwaya yangu yote ya kurasa mia tatu na kumi hakuna hata nukta moja iliyowekwa kwa ujuzi kama kijiko kile. Na huyu mama anaendesha basi!

Nimepitiliza Laurel, nimeshukia Savage. Nimerudi kwa miguu mpaka viatu vikaniuma.

Jumamosi, 28 Machi

Hakuna sehemu mpya leo. Bilha anasema amepigiwa simu kumi na tisa kabla ya saa tano. Mama mmoja wa Virginia kauliza kama Kipngetich ameshaitua keki.

Nani kacheka: hakuna.

Jumamosi, 4 Aprili

Jumamosi Kuu. Adela alikuwa zamu, akanituma nipeleke mayai kwa Bilha, Lanham, wanakopika kwa ajili ya Pasaka. Nikakuta wanawake tisa jikoni, unga mpaka kwenye nyusi. Saa nne ilipofika, na kwa kuwa sehemu mpya hakuna, Bilha akaweka simu juu ya friji na kufungulia ile ya lifti.

Wote wanaijua. Kila mmoja ameisikia mara sita, saba. Na bado mikono ilisimama kwenye unga. Mafuta yakawa yanachemka peke yake. Kijiko cha Edna kilipoanza kukoroga, mama mmoja alikuwa ameshaziba mdomo kwa kanga.

Mwisho wa meza alikaa Mama Penda, Mkongomani aliyezika mume wake Januari. Tulikwenda kumpa pole sote, nami nilitoa hotuba nzuri, watu waliisifu. Leo Kipngetich alipobonyeza kengele, Mama Penda alitoa sauti nikadhani kaungua. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mlango wa friji, akasema, "Ah, huyu bwana, ni muoga sawa na wangu! Wangu alinitongoza kwa barua, akaipeleka kwa mama yangu!" Na akalia hapo hapo, akacheka tena, wenzake wakamshika mabega.

Bilha akanisogelea. "Huyu hajacheka tangu mazishi, Mwalimu. Hata kula ilikuwa shida."

Nilisimama na trei ya mayai sikujua pa kuiweka. Nimeingia makanisa mengi, nimesikia wahubiri na wasomi. Sijawahi kuona watu wakisikiliza namna ile. Niliona aibu kwa ajili ya hotuba yangu ya Januari, na niliona kitu kingine pia, kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza mlima ambao amekuwa akiukalia.

Waliocheka leo: tisa. Ningeandika majina yote, lakini unga umeshaingia kwenye kalamu.

Jumamosi, 11 Aprili

Baraza la Wheaton, chumba cha mikutano cha maktaba. Sebastian, ambaye amestaafu kazi za ubalozi lakini hajastaafu hotuba, alizungumzia "Biskuti na Mkate katika Fasihi Yetu". Alisema hadithi za mapenzi ya kuchekesha ni kazi za watu wasioweza kufikiri hadi mwisho. Akanielekeza mkono: "Tunaye hapa Ndugu Mbawala, mkate halisi."

Nilipaswa kusimama. Sikusimama. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu kama mtu anayesifiwa.

Aliyesimama ni Jelani. Ni Mmarekani mweusi, mwalimu wa hesabu, aliyejifunza Kiswahili ukubwani, na ngeli zake hazikosei hata siku moja. "Samahani, mwenyekiti. Kitabu cha Mwalimu Mbawala nilikisoma mara mbili, na kilinifundisha namna ya kuzika mtu. Lakini mke wangu Nandi na mimi tulikuwa tumekosana mwaka jana, hatuongei. Tulikuwa tunasikiliza hadithi ya Edna kwenye gari, kwa sababu ya zoezi la lugha tu. Tukacheka pamoja, bila kupanga. Ilikuwa ni vigumu kuendelea kununa baada ya hapo." Akakaa. Sebastian akamshukuru kwa mchango, akaendelea na mkate.

Kwenye maegesho Jelani alinipa mkono kwa heshima kubwa. Sikuweza kumtazama.

Jumatano, 15 Aprili

Chavua ya miti imefunika gari likawa la njano kama limepakwa manjano. Macho yanawasha. Adela ameanza kufunga vitu vyake kwenye maboksi, kwa mpangilio, vyake kushoto, vyangu kulia.

Kushoto nimeona nakala ya "Siku ya Udongo", riwaya yangu, ile niliyomwandikia jina lake. Nilifurahi kwamba anakwenda nayo. Nikaifungua. Ndani kuna kadi ya kliniki ya ujauzito wa mwanetu Ombeni, imewekwa ukurasa wa arobaini na moja. Kurasa za kabla yake zimechakaa. Za baada yake hazijafunguliwa kamwe, bado zimeshikana. Ombeni sasa ana miaka ishirini na moja, yuko chuo, nikimsalimia Kiswahili ananijibu Kiingereza.

Ukurasa wa arobaini na moja ndipo mzee anapozikwa.

Nani kacheka: hakuna.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimemuuliza. Nilikaa siku tatu nikijipanga, mwisho nikauliza vibaya, huku anakunja sare za kazi.

"Adela, kwa nini uliishia ukurasa wa arobaini na moja?"

"Hayo ni ya zamani, Baba Ombeni."

"Niambie."

Akaiweka sare chini. "Ule msiba ni wa baba yangu. Baiskeli yake umeiweka. Kikohozi chake umekiweka. Mpaka shuka aliyofunikwa umeiweka, yenye maua. Kila kitu umekiweka, Dunstan. Wewe mwenyewe umejitoa."

Nikasema ilikuwa riwaya nzito, nikasema mhariri, nikasema wahakiki wangeona ni mzaha.

"Ulikuwa mzaha! Baba yangu alizikwa kwa vicheko, ndiyo heshima aliyoondoka nayo. Wewe ukamzika kimyakimya kama mtu asiye na watani. Kama mtu aliyeokotwa njiani." Sauti ilipanda, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuisikia ikipanda. "Nikasema sisomi tena. Nikangoja uje uniulize. Miaka ishirini na moja! Na wewe ukarudi kutoka kwenye kitabu chako ukiwa umebadilika, ukawa unatembea humu ndani kama uko kwenye kitabu. Nikikutania unanisahihisha. Basi nikaona nikupe heshima unayoitaka."

Akachukua sare zake akaenda chumbani.

Naiandika hapa siku ile ilivyokuwa, kwa sababu sijawahi kuiandika. Nilikuwa mwalimu kijana Ifunda, sina mke. Mzee Kihwele, baba yake Adela, alifariki Julai, baridi kali, na Wangoni wote wa karibu tuliitwa kama watani. Wenzangu walizuia jeneza, wakadai mbuzi. Mimi niliruka kaburini. Nikajilaza kulipima, nikapiga kelele kuwa ni fupi, mzee miguu itabaki nje, na kwa baridi hii ya Iringa atarudi nyumbani kudai soksi. Nikakohoa kikohozi chake. Mjane alikuwa wa kwanza kucheka, kanga mdomoni. Watu wakanitaka nitoke, nikakataa: "Mbuzi sitaki! Kila siku mnatuletea maiti tu. Leo sitoki mpaka nipewe aliye hai. Yule pale, anayelia vibaya, pua imevimba." Nikanyoosha kidole. Kukawa kimya. Na yule binti, machozi yanamtiririka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mfukieni humo humo, mla panya huyo!"

Kaburi zima lilicheka. Ndilo neno la kwanza Adela aliloniambia duniani.

Na mimi nikalitoa kwenye kitabu ili nionekane mwandishi.

Jumanne, 21 Aprili

Nimeanza upya sehemu ya keki. Kurasa nne. Nimezichana.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimechana sita. Nilidhani kuchekesha ni kuteremka, ni mahali unapopumzika ukichoka na fasihi. Kumbe ni kupanda, na mzigo kichwani, na ukiinama kidogo tu kila kitu kinamwagika. Huzuni inakusamehe ukichelewa sentensi moja. Kicheko hakisamehi hata neno.

Jumatatu, 27 Aprili

Hakuna. Hakuna. Hakuna.

Jumamosi, 2 Mei

Radi asubuhi, mvua imeosha chavua yote. Nimempelekea Edna kurasa nane, akazisoma akitikisa mguu. Ukurasa wa tatu mabega yakaanza kucheza. Ukurasa wa tano akanirushia mto wa kochi. Alipomaliza aliandika kibaoni: "Bilha asisome hii."

"Kwa nini? Mbaya?"

"Hii ina mwenyewe. Soma wewe."

"Edna, sauti yangu wataijua. Baraza lote litajua."

Akafuta kibao. Akaandika neno moja: "Ndiyo." Kisha akaongeza chini, kwa herufi ndogo: "Na chukua kijiko."

Jumamosi, 9 Mei

Nilirekodi jana mchana, kwenye gari, maegesho ya maktaba ya Laurel, kikombe cha chai mapajani. Nilianza hivi: "Mimi ni Dunstan Mbawala, Mngoni wa Peramiho. Ile sehemu iliyopita niliiandika mimi. Mnisamehe. Tumtue Kipngetich keki."

Hadithi ni hii. Kipngetich kaingia msibani na keki ya harusi, na hakuna aliyemfukuza. Wafiwa ni Wahehe, na Mhehe akimwona mtu anaingia msibani na keki ya ghorofa tatu huku amevaa shati la kazi, haulizi. Anajua: huyu ni mtani, Mngoni, na amejiandaa vizuri. Wakampokea kwa matusi. Kipngetich, Mkalenjin wa watu, hajui utani wa kusini. Kila akiomba radhi wanazidi kucheka, wanasema huyu ni fundi. Wakampakia na keki yake mpaka makaburini. Wakamwambia aingie kaburini, akaingia, kwa adabu, keki mkononi. Mmarekani wa mashine ya kuchimba anatazama saa. Hapo Genoveva anafika mbio, anaitafuta keki yake, bibi harusi anamsubiri Laurel. Anachungulia. Kipngetich anamtazama kutoka chini, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hana pa kukimbilia wala kengele ya kubonyeza. Anasema: "Sitoki humu mpaka nipewe aliye hai. Yule pale, mwenye unga puani."

Hapo nikanyamaza. Nikakoroga chai. Mizunguko sita.

Ilitumwa saa nne. Nilikaa sebuleni, gazeti sikulishika hata kwa kudanganya. Adela jikoni, anapanga vyombo kwenye boksi, spika masikioni. Nilijua amefika kwenye jina langu kwa sababu sahani ziliacha kugongana. Muda ukapita. Nilisikia pumzi kama ya mtu aliyebeba kitu. Mara moja nikasikia kitu kama chafya. Nilikuwa na jasho mgongoni, mzee wa miaka hamsini na tisa. Ndugu Sebastian alikuwa ananipigia simu wakati huo huo, nikaizima.

Dakika ya kumi na nne. Najua ni ya kumi na nne kwa sababu ndipo ninaponyamaza. Nyumba nzima ikanyamaza na mimi. Nikahesabu kimoyomoyo: mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Na kutoka jikoni, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani wa chini:

"Mfukieni humo humo, mla panya huyo!"

Halafu kicheko. Kile kile. Kilianzia chini kama gari la zamani linapokataa kuwaka, kikashika, kikapanda. Sikukielewa siku zote na sikielewi leo, ila nilisimama katikati ya maboksi nikavua miwani, maana nilikuwa sioni.

Akaja mlangoni, amejipangusa pua kwa kitambaa cha vyombo. "Hukumwacha Genoveva amjibu," akasema.

"Nilimwachia mwenyewe."

"Kumbe bado umo," akasema Adela.

Jumapili, 10 Mei

Bilha anasema wamesikiliza mpaka Minnesota. Mama Penda anataka kujua yule Mngoni ni mtu wa kweli au Edna kamtunga. Sebastian ameandika ujumbe mrefu wenye neno "masikitiko" mara tatu. Mwisho kabisa kauliza kama Genoveva atakubali.

Jumamosi, 16 Mei

Edna ameruhusiwa kuongea dakika kumi kwa siku. Leo ametumia zote kumalizia jibu la Genoveva, sauti imekwaruza kama kinu, na wanawake wa majimbo manne hawakupokea simu. Nami nimeketi jikoni na Adela, spika moja sikioni kwangu, moja kwake.

Jioni Adela ameweka mezani fomu ya ofisi ya nyumba, ya wapangaji wanaohama. Juu limeandikwa jina lake. Chini kuna mstari mtupu. Pembeni ya fomu ameweka "Siku ya Udongo", imefunguliwa ukurasa wa arobaini na moja, na kalamu juu yake.

Nikaanza na kitabu. Pembezoni, kwa herufi ndogo ili zienee, nikamwingiza mtani kaburini, na baridi, na soksi, na binti mwenye pua iliyovimba. Adela alisimama nyuma yangu akisoma juu ya bega langu, ananisahihisha.

"Kikohozi kilikuwa mara tatu, si mbili."

"Mara tatu," nikaandika.

Halafu akanisogezea fomu. "Na hapo andika jina lako, mla panya. Flaviana anasema Columbus wako wakubwa, wanono, huhitaji hata kuwatafuta."

Nani kacheka leo: mimi.